Methadoni anayo, maskani hana

Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na miezi michache baadaye kuifunga USAID, shirika lake la misaada, mazungumzo kuhusu tiba ya uraibu huku kwetu yamekuwa ya dawa peke yake. Methadoni, ile dawa anayokunywa mraibu wa heroini ili aweze kuiacha, itatoka wapi? Nani atawalipa wauguzi na washauri? Maswali hayo yana haki ya kuulizwa, maana huduma hii, Tanzania na Kenya, ilijengwa kwa kiasi kikubwa na fedha za PEPFAR, ule mpango wa Wamarekani wa kupambana na UKIMWI. Ila fedha zikipungua huja swali la pili, la nini kibaki na nini kiachwe, na hapo ndipo hesabu moja inapoweza kusomwa vibaya sana. Ni hesabu ya wanawake.

Kliniki ya methadoni ya hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifunguliwa Februari 2011. Katika miaka yake ya mwanzo wanawake walikuwa chini ya asilimia 10 ya waliosajiliwa. Si ajabu ya kwetu tu: shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia dawa za kulevya limewahi kueleza kwamba duniani mtumiaji mmoja kati ya watatu ni mwanamke, lakini kati ya walio kwenye tiba mwanamke ni mmoja kati ya watano. Mpanga bajeti akiitazama hesabu ya namna hiyo ni rahisi kusema kwamba wanawake ni wachache, basi nyumba yao isubiri. Mimi naisoma kinyume. Uchache wao kwenye dirisha la dawa unatupima sisi, unaonyesha ilivyo vigumu kwa mwanamke asiye na pa kulala kuifikia tiba na kudumu nayo. Nyumba ya mpito, yaani pa kukaa kwa mwaka hivi akiwa amekwisha anza tiba lakini hajaweza kujitegemea, ni sehemu ya dozi yake. Tukisubiri wanawake waongezeke ndipo tuijenge, tutasubiri sana.

Tuanze na neno lenyewe. Kwenye kamusi, maskani ni makazi. Anayesoma fiqhi ya ndoa hulikuta neno hilo pamoja na chakula na mavazi, katika vitu ambavyo mume analazimika kumpa mkewe. Mtaani maana imehama. Maskani ni kijiwe cha mateja: nyuma ya gofu, kando ya reli, chini ya mkorosho, mahali panapouzwa kete, watu wakavuta au kujidunga. (Zanzibar wanasiasa nao wana maskani zao, lakini hayo ni mengine.) Mwanamume akitoka maskani usiku anaweza kujilaza kibarazani, sokoni chini ya meza, au ndani ya ngalawa iliyopandishwa ufukoni. Ni hali mbaya, lakini usiku unapita. Mwanamke anayelala nje peke yake hana uhakika wa kuamka salama, na analijua hilo kabla hajaambiwa na mtu. Hivyo hutafuta wa kumlinda, na mlinzi anayepatikana pale ni mwanamume anayetumia, au anayeuza, au anayelipa. Pa kulala pake, kete yake na bwana wake vimefungwa kwa kamba moja.

Wanaosema unga, yaani heroini, haubagui mwanamume wala mwanamke wana haki, kwa upande wa mwili. Arosto, yale mateso ya mwili unapoukosa unga, ni ileile, kutapika ni kulekule, na mifupa inauma vilevile. Lakini mwanamume anapoamua kuacha unga, anaacha unga. Mwanamke wa maskani akiamua, usiku uleule anaacha na paa. Methadoni inamtaka afike kliniki kila siku, anywe dozi mbele ya mhudumu, na kesho arudi tena. Akikosa siku kadhaa mfululizo dozi hushushwa, ianze kupandishwa upya kidogo kidogo. Yule bwana anayemlaza hana sababu ya kuifurahia safari hiyo ya kila asubuhi. Mwanamke asiye na arosto hahitaji kuletewa kete, na asiyehitaji kete hana sababu ya kumtii mtu. Ndiyo maana mara nyingi ugomvi huanza wiki za mwanzo za tiba, pale hasa ambapo sisi tulio nje tunadhani mambo yameanza kunyooka.

Dalili za tofauti hii zilikuwepo kabla hata ya methadoni. Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi Dar es Salaam waliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu jambo lililowashtua: mwanamke aliyekwisha kujidunga anavuta damu yake kwenye bomba la sindano na kumpa mwenzake aliyekosa hela ya kete, ajidunge damu hiyo ili kuituliza arosto. Waliohusika walikuwa hasa wanawake, wengi wakiishi kwa kuuza miili yao. Na vipimo vya UKIMWI vya miaka hiyo miongoni mwa wanaojidunga jijini viliwakuta wanawake wameathirika kwa kiwango cha juu kuliko wanaume. Wengi walipoisoma habari ile waliona ujinga. Mimi naona pia wanawake waliokuwa tayari wanatunzana, kwa kitu pekee walichokuwa nacho. Anayedai kwamba wanawake hawa hawawezi kukaa nyumba moja na kuangaliana aeleze kwanza walikuwa wanafanya nini pale.

Tiba tuliyonayo ilikuaje hata ikawakosa? Heroini ilianza kuzoeleka kwenye miji ya pwani, Malindi, Mombasa na Zanzibar, miaka ya 1980. Mwanzoni ilivutwa, kujidunga kulienea karibu na mwaka 2000, ulipoingia unga mweupe unaoyeyuka upesi. Malindi ilipata mradi wake wa kwanza wa kuwasaidia watumiaji, Omari Project, mwaka 1995. Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 2000, vijana waliokwisha kuacha walianzisha soba hausi kwa msaada wa wenzao wa Detroit nchini Marekani: hatua kumi na mbili, vikao vya kila siku, miezi kadhaa ya kukaa pamoja bila kilevi chochote. Lugha ya serikali ikaziita nyumba za upataji nafuu. Kisha ikaja njia ya dawa: Muhimbili 2011, ikafuatiwa na Mwananyamala na Temeke, Kenya ikaanza hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014 na kufika Malindi mwaka uliofuata, Zanzibar ikafungua kliniki yake Kidongo Chekundu 2015. Njia zote mbili zimeokoa watu, na sitamvumilia anayezibeza. Lakini kwa kuwa waliokuwa wakionekana barabarani ni wanaume, zote mbili zilichukua umbo la mwanamume: mtu mmoja, asiye na mtoto mgongoni, mwenye kwao pa kurudi hata kama kwao wamemchoka.

Tena njia hizi zilikua zikitazamana kwa shaka, na kati yake pana shimo. Soba nyingi humtaka mtu asiwe na kitu mwilini, methadoni ikiwemo. Kliniki kwa upande wake inatoa dozi, ikifika mchana inafunga, na mtu anarudi alikotoka. Mfikirie mwanamke mjamzito. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, linashauri mjamzito mraibu wa heroini apewe methadoni au dawa inayofanana nayo, badala ya kukatishwa ghafla. Kwa hiyo mama anayefuata ushauri wa daktari ndiye huyo huyo anayekosa sifa ya kuingia katika nyumba isiyotaka dawa. Akikataa methadoni apate kitanda, anahatarisha mimba. Akiikubali, analala maskani.

Nalipenda hata hivyo lile jina la serikali. Nafuu siyo kupona. Mgonjwa akipata nafuu kwa Kiswahili chetu bado hapelekwi shamba. Anapewa uji, anawekwa kivulini, mtu anakaa naye. Lakini soba ikimaliza miezi yake, jamaa husema amepona, arudi kwao. Huo ndio wakati wa hatari kuliko yote, kwa sababu ya mwili wenyewe: miezi ya kukaa bila unga imeuondolea uvumilivu. Kipimo alichokizoea zamani, akikirudia siku moja ya majonzi, kinaweza kumzimisha pumzi. Mama mmoja wa Magomeni, ambaye binti yake alikuwa anakaribia kutoka, aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, mimi nimeshamsamehe. Ila kitanda chake kakilalia mdogo wake na mkewe." Hakukuwa na chuki pale. Palikuwa na vyumba viwili na watu tisa.

Hoja yangu ingekuwa maneno matupu kama isingewahi kupimwa mahali. Imepimwa. Mwaka 1975, katika mji wa Silver Spring, Maryland, watu waliokuwa wakiacha pombe waliambiwa nyumba yao ya uangalizi inafungwa, wakaamua kuipanga wenyewe. Ndiyo Oxford House: wakazi wanachangia kodi sawasawa, wanachagua viongozi wao, hakuna bosi wala daktari ndani. Mtafiti Leonard Jason na wenzake wa Chuo Kikuu cha DePaul, Chicago, waliwachukua watu 150 waliokuwa wanatoka vituo vya tiba jimboni Illinois, wengi wao wanawake, wakawagawa kwa bahati nasibu: nusu waingie nyumba hizo, nusu waendelee na utaratibu wa kawaida. Matokeo yalichapishwa 2006. Baada ya miaka miwili waliokuwa wamerudia kutumia ni asilimia 31.3 ya walioingia nyumbani na asilimia 64.8 ya wengine. Kipato cha mwezi kilikuwa dola 989 kwa dola 440. Tiba waliyotoka nayo ilikuwa moja; kilichobadilika ni mlango waliofungua jioni.

Najua Illinois siyo Temeke. Kule kuna kazi za mshahara hata kwa mtu aliyetoka jela, na mkazi akichangia kodi kila wiki nyumba inajiendesha. Huku mwanamke aliyetoka soba ataanza na kuuza vitumbua au kumfulia mtu nguo, na siku nyingine harudi na kitu. Kwa hiyo tukiiga ule mtindo wa kila mtu kujilipia kuanzia siku ya kwanza, tutakuwa tumejenga mlango mwingine wa kutokea. Mfano unaotufaa zaidi uko Nashville, Tennessee, ambako kasisi Becca Stevens alianza mwaka 1997 na nyumba moja ya wanawake watano waliopitia uraibu na biashara ya ngono. Wanakaa miaka miwili bila kulipa kodi, na baadaye ikaanzishwa biashara ya mishumaa na mafuta ya kujipaka ili wapate pa kufanya kazi. Hapo napo niweke neno langu: kila mradi wa wanawake nchini mwetu huishia kwenye sabuni, batiki na shanga zinazonunuliwa na wageni wa mradi, na mgeni akiondoka soko linaondoka. Afadhali mtaji wa genge la mboga lenye wateja wa kweli.

Sasa wapinzani. Wenye hoja nzito kuliko wote ni wanaosema nyumba ya mwanamke ni kwao, na kwamba fedha zitumike kupatanisha familia. Siwezi kuwadharau. Ukoo unabeba watu ambao hakuna serikali iliyowahi kuwabeba, na mwanamke ambaye mama au shangazi yake yuko tayari kumpokea asipelekwe kwingine. Lakini hoja hiyo inawahusu wenye kwao. Wapo waliokimbia kwao kwa sababu ya yaliyowapata humo humo. Wapo walioiba dhahabu ya bibi, na bibi akafa. Wapo ambao kaka yao mkubwa ndiye aliyewaonjesha. Hata aliyesamehewa, kama yule wa Magomeni, anahitaji muda wa kurudi kidogo kidogo: Ijumaa kula chakula cha mchana, sikukuu kulala siku mbili, ndugu wamzoee tena. Nyumba ya mpito inaipa familia nafasi hiyo. Wala pwani jambo hili si geni. Aliyefiwa na mume anakaa eda miezi minne na siku kumi. Aliyepewa talaka rejea, mume anatakiwa aendelee kumpa makazi mpaka eda yake iishe. Tumekubali siku zote kwamba mwanamke aliye katikati ya maisha mawili anahitaji paa na muda uliohesabiwa.

Hoja ya gharama nayo si ya kupuuzwa. Kupanga nyumba ya vyumba vitano, kulisha watu kumi, kumlipa mlezi anayelala humo, ni fedha ya kila mwezi isiyokuwa na sherehe ya kukata utepe. Wafadhili huipenda miradi ya miaka mitatu. Lakini tuhesabu na upande wa pili: kila dozi ya methadoni inayokatishwa kwa sababu mwanamke alihamishwa na bwana wake, kila mtoto anayezaliwa na arosto, kila anayeanza upya kwa mara ya nne. Gharama hizo tunazilipa tayari. Zimetawanyika tu, kwa hiyo hakuna waziri anayeziona kwenye ukurasa mmoja.

Ipo hoja nyingine inayonisumbua zaidi, na wanaonipinga huitaja mara chache. Nyumba zinazofungwa kwa kufuli huzaa udhalimu. Mlezi mwenye funguo zote, simu zilizonyang'anywa, adhabu zinazoitwa tiba. Mahali popote ambapo mtu dhaifu anakaa kwa hisani ya mwenye nguvu, haya hutokea, na kwa wanawake hutokea na mengine. Sina dawa zaidi ya hii: mkazi awe na ufunguo wake, ajue saa za kutoka, wakaguzi waje bila taarifa, na malalamiko yapelekwe kwa mtu asiyelipwa na nyumba hiyo. Nyumba ambayo mwanamke hawezi kutoka ina tofauti gani na ya yule bwana?

Iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa: kwamba tunawadekeza, kuacha ni nia tu, na kwamba nyumba ya wanawake wa namna hiyo itageuka danguro mtaani. Nia wanayo. Mwanamke anayetembea kwa miguu kutoka Manzese hadi kliniki saa kumi na mbili asubuhi, siku arobaini mfululizo, halafu jioni anarudi kulala palepale kete zinapouzwa, ana nia kuliko wengi wetu tunaoshindwa kuacha sukari. Kuhusu danguro, anayeogopa biashara ya ngono mtaani kwake angeiunga mkono nyumba hii wa kwanza, kwa kuwa kinachowapeleka wengi kwenye biashara hiyo ni bei ya pa kulala usiku huo. Na hao mateja watakaovutiwa na mtaa wapo mtaani tayari. Ni watoto wa mtaa huo huo.

Tukikubali kwamba nyumba ni sehemu ya dozi, yapo mambo yatakayobadilika kwenye karatasi za mipango. Nyumba itakuwa karibu na kliniki, umbali wa kutembea, kwa sababu nauli ya kila siku ni mtihani uliowaangusha wengi. Itampokea mwenye methadoni na asiye nayo. Itapokea watoto, maana mama akiambiwa achague kati ya mwanawe na kitanda, atachagua mwanawe na kurudi alikotoka. Na itabidi tuamue la mtu akiteleza. Oxford House humtoa mara moja, ili kuwalinda wenzake. New York, mwaka 1992, Sam Tsemberis alianza kinyume chake: mpe mtu nyumba kwanza, hata kama bado anatumia, mengine yafuate. Kwa nyumba ya watu kumi nakubali kwamba aliyeteleza hawezi kubaki chumba kimoja na anayehangaika wiki ya kwanza. Lakini kumtoa mwanamke saa nne usiku ni kumrudisha kwa bwana wake kwa mkono wetu. Kiwepo kitanda kingine, mahali pengine, cha usiku huo na wiki inayofuata.

Na kutoka kwake kupangwe tangu siku anayoingia. Chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi hapa Dar es Salaam mwenye nyumba anaweza kukutaka kodi ya miezi sita mkononi; ni 300,000 kabla hujanunua godoro. Anataka mdhamini. Serikali ya mtaa itauliza anatoka wapi, na jibu la kweli litamfungia mlango. Wakazi wakicheza upatu humo ndani kwa mwaka mzima, nyumba ikaongeza kidogo juu yake na kumwandikia barua ya utambulisho, ataondoka na kodi yake na jina lake. Haya hayahitaji utafiti mpya.

Kinachohitajika kesho asubuhi ni kidogo zaidi. Fomu ya usajili inauliza umri, aina ya dawa, miaka ya matumizi, majibu ya vipimo. Mhudumu aliyeko dirishani amuulize kila mwanamke swali moja zaidi na kuandika jibu pembeni ya dozi: jana umelala wapi, na kwa nani?